Udongo wenye sumu nao huoshwa



Waislamu tumezoea udongo ndio ututwaharishe. Maji yakikosekana, tunatayamamu. Je, udongo wenyewe ukiingiwa na sumu, utaoshwa na nini?

Swali hili si la mbali. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Kilipofungwa, madini ya risasi yalibaki ardhini na katika damu za watu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na eneo lisafishwe.

Risasi haiozi. Ikishatua ardhini hukaa miaka mingi. Mtoto anayecheza chini kisha akatia vidole kinywani huimeza. Hudhuru ubongo, hupunguza damu, na ikizidi huleta degedege na kifo. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

UNAOSHWAJE?

Udongo huchimbwa, kisha huchekechwa. Kokoto na mchanga hutengwa, kwani sumu hung'ang'ania zaidi chembe laini za mfinyanzi. Chembe hizo husukwasukwa ndani ya maji yenye asidi, au kemikali iitwayo EDTA, ambayo huikamata risasi na kuibandua. Maji hayo hukamuliwa na kusafishwa, na risasi iliyotolewa hupelekwa mahali pa salama.

Kazi hii ni ghali na ina madhara yake. Asidi huharibu rutuba. Maji ya kuoshea yakivuja, sumu hushuka hadi visimani. Kwa hiyo, msomaji, usijaribu kumwagia kemikali uwanja wako! Kule Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 risasi iliyotokana na uchimbaji wa dhahabu iliua zaidi ya watoto 400, udongo wa juu ulikwanguliwa ukaletwa mwingine safi.

UFANYE NINI?

1. Usivunje betri nyumbani, wala usimwage maji yake uani. Fundi betri aoge na abadili nguo kabla hajabeba mtoto.

2. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hutimua vumbi. Viatu viachwe mlangoni.

3. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

4. Wapatie maharage, dagaa na maziwa. Mtoto mwenye upungufu wa chuma na kalsiamu hunyonya risasi zaidi.

5. Ukishuku, mpeleke mtoto hospitali apimwe damu. Usingoje dalili.

Dini yetu imetufunza kuondoa chenye kuudhi njiani, hata kikiwa mwiba. Sumu hii haionekani kama mwiba, lakini inawachoma watoto wetu. Tusiinyamazie.

Wabillahi Tawfiiq.