Kuta Zilibaki, Ushahidi Ukatupwa

Kati ya mwaka 1902 na 1904, Richard Hall, aliyekabidhiwa na utawala wa kikoloni kazi ya kutunza magofu ya Zimbabwe Kuu, aliyasafisha mpaka akayaharibu. Kuta hakuzibomoa; alizoa udongo uliokuwa ndani yake, kina cha mita 2 hivi, akautupa nje. Aliamini mji ule ulijengwa na wageni wa kale, na kwamba mabaki ya Waafrika yalikuwa uchafu uliofunika kazi yao. Kumbe uchafu huo ndio uliokuwa ushahidi. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa haumtaji aliyeujenga. Vinavyomtaja ni vigae, shanga, majivu na sakafu za udongo, kila kimoja kikiwa kwenye tabaka lake.

Wapo watakaomtetea kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Lakini zama hizohizo, mwaka 1905, mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba hapo kwa uangalifu, akahitimisha kuwa ni kazi ya Waafrika wa zama za kati. Gertrude Caton-Thompson aliyathibitisha hayo mwaka 1929, ila ilimbidi atafute tabaka zilizosalimika, akazipata katika gofu la Maund, bondeni. Hoja nzito zaidi ni kwamba bila kuchimba tusingejua lolote. Ni kweli, hata hao wawili walichimba, na kila jembe la mwanaakiolojia huvuruga kisichoweza kurudishwa. Ndiyo maana uhalali wa kuchimba hautokani na hamu ya kuona kilichofichika. Unatokana na swali linalojulikana, kumbukumbu ya kila tabaka, na sehemu inayoachiwa watakaokuja na vifaa bora. Kupima umri kwa kaboni kulianza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mkaa uliotupwa na Hall pamoja na udongo haukuweza kuisubiri mbinu hiyo.

Hasara hiyo inaifika hata pwani yetu, kwa kuwa dhahabu kutoka bara ilipitia Sofala kwenda Kilwa, na sarafu ya Sultani al-Hassan bin Suleiman wa Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu. Sarafu ya namna hiyo ikiokotwa kwenye kifusi, haisemi ilifika lini wala ilitumiwa na nani. Basi anayeomba kibali cha kuchimba gofu lolote aeleze kwanza sehemu gani ataiacha bila kuigusa, na nani ataitunza.