DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Kumwangalia mgonjwa baada ya upasuaji

Ndugu wengi hushusha pumzi wanapoambiwa, "Upasuaji umekwisha salama." Wana haki ya kufurahi. Lakini kwetu sisi wauguzi wa wodini, hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwaka 2016 ulifanyika utafiti katika nchi 25 za Afrika juu ya wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Wagonjwa wapatao 2 katika kila 100 walifariki, na karibu wote hawakufia chumba cha upasuaji. Walifariki siku iliyofuata au baadaye, wakiwa wamekwisha kurudi kitandani.

Mara nyingi mgonjwa hazidiwi ghafla. Damu ikivuja ndani, au vijidudu vikienea mwilini, moyo huenda mbio na pumzi huongezeka saa kadhaa kabla mgonjwa hajazimia. Mawingu yapo, ila yahitaji mtu wa kuyatazama.

Alama za tahadhari ni nini?

Mwaka 1997 wataalamu wa Uingereza walieleza njia rahisi ya kuzisoma dalili hizo kwa kuzipa alama. Mwaka 2012 ikatolewa chati moja ya kutumiwa na hospitali zote za huko, nayo ikarekebishwa mwaka 2017. Muuguzi hupima mambo sita: kupumua, oksijeni iliyo katika damu, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, joto na fahamu. Kila kipimo hupewa alama kuanzia 0, yaani hali ya kawaida, hadi 3, yaani hatari. Anayesaidiwa kupumua kwa oksijeni huongezewa alama 2. Kisha zote hujumlishwa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyepasuliwa kidole tumbo jana. Anapumua mara 22 kwa dakika: alama 2. Mapigo ni 115: alama 2. Joto ni 38.4: alama 1. Shinikizo la juu la damu ni 105: alama 1. Oksijeni na fahamu ni nzuri: 0. Hakuna kipimo hata kimoja ambacho peke yake kingemtisha mtu, lakini jumla ni 6. Ikifika 5, daktari aitwe haraka na mgonjwa apimwe angalau kila saa. Ikifika 7, hiyo ni dharura. Hata alama 3 katika kipimo kimoja tu, kwa mfano mgonjwa anapoanza kuchanganyikiwa, yatosha kumwita daktari.

Watoto na wajawazito wana chati zao, kwa kuwa miili yao ina vipimo tofauti.

Mbona mnamwamsha usiku?

Swali hili tunaulizwa sana: "Sista, si mumwache apumzike?" Tunamwamsha kwa sababu usingizi wa kupona na usingizi wa kuzidiwa hufanana kwa macho. Pumzi nazo huhesabiwa kwa dakika nzima, maana mara nyingi ndizo hubadilika kwanza. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.

Lakini namba haimponyi mtu. Chati iliyojazwa vizuri ikaachwa ikining'inia kitandani ni karatasi tu. Kinachookoa ni muuguzi kuita, daktari kuja, na dawa, damu au upasuaji wa pili kupatikana mapema.

Ninyi mlio karibu na mgonjwa

Ninyi mnamfahamu ndugu yenu kuliko sisi. Mwiteni muuguzi mara moja mkiona:

1. Anahema haraka au kwa shida.
2. Anaongea ovyo, au haamki kama kawaida yake.
3. Ngozi ni baridi na ina jasho.
4. Bandeji imelowa damu, au tumbo linavimba na maumivu yanazidi.
5. Hapati mkojo kwa saa nyingi.

Akiwa nyumbani tayari, homa, kidonda kutoa usaha, au dalili yoyote kati ya hizi, ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje tarehe ya kliniki.

Msiogope kutusumbua. Kuitwa mara kumi bure si hasara kwetu. Hasara ni kuitwa mara moja tumekwisha kuchelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.