Fukuto Ndani ya Nyambizi ya Kujitengenezea

Anayejitengenezea nyambizi huhofia kina kuliko kitu kingine chochote. Ni hofu ya haki, lakini joto humwahi chombo kikiwa bado juu ya maji. Mtu aliyetulia tu hutoa joto la wati 100 hivi, na akianza kukaza nati hutoa zaidi. Mfungie ndani ya silinda ya chuma iliyoachwa juani, kisha uwashe chujio la chokaa linalonyonya hewa ya ukaa, ambalo nalo hutoa joto na maji. Jasho humpoza mtu kwa kukauka. Hewa ikishashiba mvuke, jasho hutiririka bure. Ndiyo maana nashikilia kwamba cha kupigana nacho kwanza ni unyevu.

Wapo watakaosema feni inatosha. Inafaa hewa ikiwa kavu, au angalau ikiwa na ubaridi kuliko ngozi. Ikiwa ya moto na imejaa mvuke, feni humpulizia mtu joto lilelile. Kufungulia mtungi wa hewa huongeza shinikizo ndani, na oksijeni ikizidi, cheche ndogo huzua moto. Kiyoyozi nacho lazima kitupe joto nje, kwa hiyo hudai matundu zaidi kwenye chuma na umeme wa betri zinazozungusha propela. Barafu ya kawaida inashinda vyote hivyo. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya karibu joto lote analolitoa mtu aliyetulia kwa saa nzima. Panga mbele ya feni ndogo chupa za maji yaliyogandishwa: mvuke utatonea juu ya plastiki baridi, na hewa itapoa huku ikikauka. Weka taulo chini yake, mbali na nyaya. Barafu kavu isiingizwe kamwe, hata kama ina nyuzi 78 chini ya sifuri, kwani ni hewa ya ukaa tupu na huua kimyakimya.

Pingamizi zito ni kwamba bahari yenyewe itapoza chombo. Ni kweli: huko Roatán, Honduras, ambako Karl Stanley huwashusha watalii kwa nyambizi aliyoijenga mwenyewe, maji ya kilindini ni baridi. Ila ukaguzi, matengenezo na kukokotwa hufanyika juu, kwenye maji vuguvugu. Kuba la akriliki lifunikwe turubai jeupe, na chupa ziingizwe dakika za mwisho kabla ya kufunga mfuniko.