Kocha aondoke, amani ya nyumbani ibaki

Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku mbili baadaye kocha Robertinho, raia wa Brazil, akatimuliwa. Simba ikiyumba, ubishi haukosekani, iwe kwenye vibanda umiza vya Kasulu au vijiwe vya Kibondo: huyu anasema kocha ndiye tatizo, yule anawalaumu wachezaji na viongozi. Hata mrithi wake, Benchikha, hakumaliza msimu. Aliondoka Aprili 2024, klabu ikitaja matatizo ya kifamilia.

Mzazi, bishana, lakini hasira usiende nazo nyumbani. Hasira hupandisha presha, na mtoto anayemsikia baba akimtukana kocha hujifunza kutukana. Timu ikifungwa, tembea kidogo kwanza, kisha ingia ndani umuulize mwanao habari za shule.