Kabla hujanunua meza ya snuka, chungulia chini yake

Jirani yangu mmoja wa Kisauni alinunua meza ya mchezo kwa ajili ya wanawe, wasiwe wanashinda vibandani kila jioni. Kitambaa kijani, miguu ya nakshi, kila mgeni akaisifu. Masika yalipokwisha, mpira ukiuweka katikati unajiendea wenyewe hadi pembeni. Fundi alipofunua kitambaa, alikuta ubao wa MDF umefura kama mkate uliolowa. Pesa zimekwenda, na vijana wamerudi vibandani.

Wengi wetu tunanunua kinachoonekana. Lakini meza ya snuka au ya pool ni jiwe kwanza. Iliyo nzuri ina kitanda cha sleti, jiwe la jamii ile ile ya vibao walivyoandikia wazee wetu shuleni. Jiwe halinywi unyevu. MDF ni unga wa mbao na gundi, na kwa hewa yetu ya chumvi haidumu. Kwa hivyo piga magoti uchungulie chini: sleti ni ya kijivu, ukiigusa ni baridi. Muuzaji akikukataza kuchungulia, nenda zako.

Kisha bonyeza raba za kingoni. Joto na miaka huzikausha zikawa ngumu. Piga mpira mweupe kwa nguvu kutoka upande mmoja. Meza yenye uhai huurudisha, ukavuka urefu wote mara tatu au nne. Halafu usukume polepole kabisa. Ukipinda, ama meza haijalazwa sawa, ambalo fundi mwenye pima maji atalirekebisha, ama kitanda kimepinda, na hilo halina dawa.

Sasa nyumba yenyewe. Snuka kamili ni futi 12 kwa 6, na fimbo ina karibu futi 5, hivyo chumba kinataka kama futi 22 kwa 16. Sebule ngapi za Mombasa zina nafasi hiyo? Tena uzito wake unapita tani moja. Anayeishi ghorofani asithubutu kabla ya kumuuliza mhandisi. Kwa wengi, meza ya futi 7 yenye sleti inatosha, ingawa nayo ina kilo 200 na zaidi.

Ya mtumba si mbaya, mimi mwenyewe ningeitafuta hiyo kuliko mpya ya MDF. Ila kumbuka sleti ya meza kubwa huwa vipande vitano, na kila ikihamishwa lazima ifunguliwe, iungwe na kupimwa upya. Uliza bei ya fundi kabla ya kukubaliana bei ya meza.

Ukishaileta, iweke mbali na dirisha la upande wa bahari. Kitambaa cha sufi kikinyonya unyevu mipira huwa mizito. Ndiyo maana mashindano makubwa ya Uingereza hutumia meza zenye vipasha joto chini ya sleti. Huku kwetu, ifunike usiku na uisugue kwa brashi kufuata ulalo wa manyoya yake.