'Joto', 'halijoto' na maana ya kuwianisha vipimo

Watangazaji wetu husema 'joto la nyuzi 30' na hakuna anayetatizika. Katika maongezi ya kawaida hilo halina neno. Kiwandani, hata hivyo, 'joto' na 'halijoto' ni dhana mbili tofauti.

Joto ni nishati. Halijoto, ambayo Watanzania huiita pia 'jotoridi', ni kiwango kinachoonyesha kitu kina umoto au ubaridi kiasi gani. Maji yanayochemka kikombeni na yanayochemka kwenye sufuria yana halijoto ileile, lakini yale ya sufuria yana joto jingi zaidi kwa kuwa ni mengi. Kipimajoto, licha ya jina lake, hupima halijoto.

Sasa tuje kwenye dhana inayowasumbua wafasiri wa miongozo ya mitambo. Neno la Kiingereza linalotumika hapo lina maana nyingi: mizani, magamba ya samaki, skeli ya ramani. Mfasiri akikurupuka, fundi ataambiwa eti 'apime magamba ya joto'! Mimi napendekeza kitenzi 'kuwianisha', kutokana na 'uwiano'. Hebu tuone sababu.

Moduli inayodhibiti halijoto kiwandani haisomi nyuzi moja kwa moja. Aghalabu hupokea mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20 kutoka kwa kifaa kilichounganishwa na kihisi. Tuseme kifaa hicho kimepangwa kupima kuanzia nyuzi 0 hadi 150 za Selsiasi. Basi miliampea 4 ni nyuzi 0, 20 ni nyuzi 150, na 12, iliyo katikati, ni nyuzi 75. Kukokotoa, toa 4 kwenye mkondo uliosomwa, gawa kwa 16, kisha zidisha kwa 150. Huko ndiko kuwianisha.

Mbona tusianzie 0? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0. Tungeanzia hapo, mtambo haungeweza kutofautisha waya uliokatika na nyuzi 0 halisi.

Kosa la uwiano si jambo dogo. Maziwa yanayopitishwa mtamboni mfululizo ili kuua viini huhitaji halijoto ya angalau nyuzi 72 kwa sekunde 15. Chukulia kwamba fundi ameiambia moduli kuwa upeo ni nyuzi 200 ilhali kifaa kimepangwa kwa 150. Kioo kitaonyesha 72, kumbe maziwa yako kwenye nyuzi 54 tu! Hakuna king'ora kitakacholia, maana kwa mujibu wa mtambo kila kitu ki shwari. Mnywaji ndiye atakayeumia.

Kuna pia suala la desimali. Moduli nyingi huhifadhi halijoto kama nambari nzima, sehemu za kumi za nyuzi. Ukiona 723, hiyo ni 72.3. Isitoshe, nyuzi 72 za Farenhaiti ni takribani 22 tu za Selsiasi, sawa na hewa ya chumbani.

Kwa hivyo, anayeandika mwongozo wa fundi kwa Kiswahili asiseme tu 'joto liwe 72'. Aandike: 'Halijoto iwe nyuzi 72 za Selsiasi, upeo wa kifaa ni 0 hadi 150.' Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, ila haimwachii fundi nafasi ya kubahatisha.