Tovuti Huanza na Faili Moja

Tim Berners-Lee alitangaza mradi wake wa wavuti hadharani Agosti 1991, akiwa mtumishi wa maabara ya CERN kule Geneva. Nakala ya kurasa zake za mwanzo bado ipo kwenye tovuti ya CERN, na hata leo inafunguka kwenye simu ya bei ya chini na kusomeka bila shida: maandishi meusi, viungo vya buluu, basi.

Hilo limtie moyo anayetaka tovuti yake binafsi lakini anaogopeshwa na majina anayotajiwa kila akiuliza pa kuanzia: React, Node, Docker, na mengine yanayozuka kila mwaka. Zana hizo zina kazi zake, hasa kwenye kampuni ambako watu wengi wanaandika programu moja. Fundi cherehani anayetaka kuonyesha mishono yake hazihitaji, angalau kwa sasa.

Anachohitaji ni faili. Afungue Notepad, aandike <h1>Mishono ya Harusi</h1>, ahifadhi kwa jina index.html. Akiibofya faili hiyo mara mbili, kivinjari kinamwonyesha kichwa cha habari kwa herufi nene. Hajalipa hata senti, wala hajawasha data. Hiyo ndiyo HTML, na lebo zake za msingi, za vichwa, aya, orodha na viungo, zinatumika tangu enzi za Berners-Lee. Rangi na mpangilio ni kazi ya CSS, iliyopendekezwa na Mnorwe Håkon Wium Lie mwaka 1994. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwaka 1995, huufanya ukurasa uitikie mguso. Ni vyema kujifunza kwa mfuatano huohuo. Wanaorukia JavaScript kwanza hukwama, na mara nyingi kinachowakwamisha ni HTML.

Mshtuko wa kwanza huja ukurasa unapofunguliwa kwenye simu: herufi zimekuwa punje za mtama. Tangu iPhone ya 2007, kivinjari cha simu huchukulia kuwa ukurasa usiojieleza uliandikwa kwa ajili ya kompyuta, hivyo huupanga kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana uenee kwenye kioo. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya faili:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Picha nazo zina balaa lake. Picha ya simu ikifika megabaiti 3, kumi za namna hiyo zitakula megabaiti 30 za bando la mteja hata kabla hajaona bei ya gauni. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200, uzito hushuka sana na mshono bado unaonekana.

Kuiweka tovuti hewani si lazima kugharimu. GitHub Pages na Neocities hupokea faili za aina hii bure, na hata vyeti vya usalama vya HTTPS, ambavyo zamani wengi walivilipia, hutolewa bila malipo na Let's Encrypt tangu 2015. Kinachostahili kulipiwa ni jina la tovuti. Waliojenga kurasa zao GeoCities walilijua hilo kwa uchungu: Yahoo iliinunua huduma hiyo mwaka 1999, ikaifunga Oktoba 2009, na anwani zikafa nayo. Mwenye jina lake huchukua folda yake akaipeleka kwenye seva nyingine, na wateja wakaendelea kumpata palepale.

Majina ya .tz yana msimamizi wake Tanzania, na ya .ke husimamiwa na KENIC. Mnunuzi hupitia kwa wakala wa usajili. Kusema kweli anakodi tu: muda wa usajili ukiisha bila kulipiwa tena, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine.

Jina likishaelekezwa kwenye seva, subira inahitajika. Seva za majina hutunza anwani ya zamani hadi muda wake uishe, kwa hiyo tovuti inaweza kufunguka kwa data ya simu huku Wi-Fi ya ofisini ikigoma kwa saa kadhaa. Wengi huanza kubadilisha mipangilio hapo, wakaharibu iliyokuwa sahihi.